Mlezi Ataendelea Kuwepo

Nyumbani, 14 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ukiacha bomba la jikoni ambalo limerudia tabia yake ya kudondosha, na jirani yetu wa ukuta mmoja ambaye bado anafagia uwanja kana kwamba umemkosea. Mama anakula vizuri, anatembea vizuri. Jina langu tu ndilo limemtoka kabisa. Siku hizi ananiita nesi, na akikasirika ananiita yule msichana.

Nakuandikia kwa sababu simu umezoea kuikata. Kila nikifika kwenye jambo lenyewe, mtandao unaharibika, msimamizi wako anapita, betri inakufa. Barua haina betri. Utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa kuona haya.

Jambo ni hili. Mwenye duka la miwani amepata nafasi moja ya mafunzo kwenye karakana kubwa ya kusaga lenzi, mji mwingine, miezi mitatu kuanzia mwanzo wa Aprili. Mashine yetu ya zamani anaiondoa, analeta mpya, na atakayekaa mbele yake ni yule atakayerudi na cheti. Amenipa mimi kwanza. Nisipokwenda atampa msichana wa mapokezi, na mimi nitabaki kufuta vioo vya makabati. Nasaga lenzi kwenye duka lile tangu wewe uko sekondari. Tangu mama aanze kusahau nafanya nusu siku tu, na hata hiyo ni kwa huruma ya mwenye duka.

Ulipoondoka kwenda kusoma shahada ya pili ulisimama pale mlangoni, begi mgongoni, ukasema, "Dada, mwaka mmoja tu, halafu zamu yangu." Mwaka ukapita, ukaja mwingine, nikanyamaza. Sasa sinyamazi. Njoo mwisho wa Machi ukae na mama hiyo miezi mitatu. Hilo pendekezo lako la utafiti linaandikika popote penye meza, na meza tunayo.

Na kwa kuwa nimeshaanza, acha nimalize. Jana jirani alinisimamisha akaniambia nina bahati kuwa na mdogo kama wewe. Mama amemwambia kwamba mwanawe wa kiume ndiye anayempikia supu, anayemfulia na kumwogesha. Jirani akakuombea heri nyingi, na mimi nimesimama pale na beseni la mashuka mikononi.

Nijibu, na kwenye jibu pawe na tarehe ya kuja.

Dada yako


Bwenini, 2 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mama mpe salamu zangu, hata kama atauliza ni za nani. Mimi mzima. Chumba ni kile kile cha ghorofa ya juu, na mwenzangu bado anakula biskuti kitandani, makombo yanahamia upande wangu.

Hongera kwa nafasi hiyo. Nimefurahi sana, nasema kweli.

Huku mambo ni magumu. Pendekezo langu limerudishwa tena. Msimamizi wangu, ambaye sisi tunamwita Kalamu Nyekundu, hasemi kitu, anachora tu. Safari hii amepiga mstari juu ya ukurasa wa kwanza wote akaandika pembeni, "Tatizo liko wapi?" Unaona, pendekezo bila tatizo halisogei. Lazima uonyeshe kuna jambo linalowaumiza watu, useme waliotangulia waliandika nini juu yake, uonyeshe pengo waliloacha, ndipo ueleze wewe utafanya nini. Nimekaa na swali hilo mpaka kichwa kikawa kizito.

Halafu ikaja barua yako. Dada, niliisoma nikasimama. Tatizo liko nyumbani. Nimebadilisha mada yote: sasa naandika kuhusu ndugu wanaolea wazazi wenye maradhi ya kusahau, wanachoka vipi na wanasaidiwa na nani. Kalamu Nyekundu amesoma kichwa cha mada akaguna kwa namna ya kukubali. Hajawahi kufanya hivyo kwa mtu. Kwa hiyo barua yako imeniokoa, na nakushukuru.

Nimeambatisha dodoso la majaribio. Kila sentensi ina ngazi tano: moja maana yake hukubaliani kabisa, tano unakubaliana kabisa. Wewe zungushia namba tu. Mwishoni kuna maswali mawili ya kueleza kwa maneno. Jibu kwa uhuru, jina lako halitatokea popote.

Kuhusu Aprili, tutaona kamati itakavyokwenda.

Mdogo wako


Nyumbani, 11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama amepoteza kiatu kimoja na leo asubuhi yote tumekitafuta, yeye akiwa amekivaa.

Nimekuomba tarehe, umeniletea dodoso. Nililisoma nimesimama, nikalisoma tena nimekaa, na mara zote mbili damu ilinipanda kichwani. Mimi nakuandikia kwamba nimechoka, wewe unaniletea karatasi iliyopigwa chapa kuniuliza nakubaliana kwa kiasi gani kwamba nimechoka.

Haya, chukua majibu yako. "Mlezi hupata muda wa kutosha wa kupumzika." Namba moja haitoshi, weka nyingine chini yake. "Mlezi hupata msaada kutoka kwa ndugu wa karibu." Hapa nilicheka peke yangu jikoni mpaka mama akaja kuuliza nani amekuja. Ndugu wa karibu ninaye mmoja, na ndiye aliyetunga swali. "Mlezi huhisi hasira dhidi ya mgonjwa." Hapana. Niulize hasira dhidi ya nani, nitakujibu bila ngazi.

Maswali ya maneno. La kwanza, nieleze siku yangu inavyokwenda: njoo uione. La pili, "Eleza jinsi unavyomwogesha mgonjwa": hilo silijibu. Si kwamba sina la kusema. Ule ni mwili wa mama, na mama hajakuruhusu. Ulivua haya gani hata ukaandika swali kama hilo juu ya mama yako mwenyewe, ukaliweka na namba ya swali mbele?

Hilo la jina langu kutotokea popote usijisumbue nalo. Hapa nyumbani pia halitokei.

Mwenye duka anataka jibu langu kabla Machi haijaisha. Nataka tarehe.

Dada yako


Bwenini, 6 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilipata mafua, halafu mwenzangu wa chumbani akapata mafua, halafu maktaba ikafungwa kwa ajili ya ukarabati, yaani kila kitu kimekuja kwa pamoja. Mama hajambo? Kile kiatu?

Naelewa umekasirika. Dodoso lilikuwa la kitaalamu mno na nililituma bila maelezo. Hata hivyo majibu yako yamenisaidia kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Ile "weka nyingine chini yake" nimeinukuu, bila jina, na Kalamu Nyekundu amepiga mstari chini yake. Mstari wa kusifu, si wa kufuta. Sikujua anao.

Nimeambatisha pendekezo zima, kurasa zote. Linaingia kwenye kamati wiki ijayo. Ulisome uone nilivyokuheshimu mle ndani. Mimi nakuja Jumamosi tarehe 29, siku mbili, kwa majaribio ya mwanzo. Mengine yote tutayazungumza tukiwa tumekaa pamoja, ana kwa ana, bila hasira.

Mdogo wako


Nyumbani, 13 Machi

Mdogo wangu,

Mama mzima, jirani mzima, bomba linadondosha.

Nimelisoma pendekezo lako. Nimelisoma mezani kwangu dukani, kwa miwani ya kusomea, neno kwa neno, kama ninavyokagua lenzi kabla haijatoka. Kurasa za kwanza nilikuwa najiambia, huyu mtoto kumbe ana akili. Mapitio ya maandiko yamekaa vizuri. Tatizo la utafiti nalo ni la kweli, kwa kuwa ni mimi.

Halafu nikafika kwenye mbinu. "Mshiriki amechaguliwa kwa sababu ni rahisi kumfikia." Rahisi kwa nani? Mara ya mwisho umenifikia lini? Tangu uondoke nimebadilisha mapazia mara mbili na hujaona hata yale ya kwanza.

Hilo ningeweza kulimeza. Nikafungua ratiba. "Aprili hadi Septemba, ukusanyaji wa data nyumbani kwa mgonjwa. Mlezi ataendelea kuwepo kwa kipindi chote cha utafiti."

Niliisoma sentensi hiyo mpaka herufi zikanichezea. Barua mbili nimekuomba Aprili. Mbili. Mara ya kwanza tutaona, mara ya pili tutazungumza. Kumbe Aprili ulishaijibu siku nyingi. Hukunijibu mimi, uliijibu kamati. Watu nisiowajua wamekaa kwenye meza ndefu na chupa za maji, wakasoma kwamba mimi nitakuwepo mpaka Septemba, na mimi mwenyewe nimeipata habari hiyo ukurasa wa ishirini na kitu. Umeniandika pale pamoja na vifaa: kinasa sauti, kompyuta, mlezi.

Sitaki maelezo. Ukinipigia simu sitapokea.

Njoo hiyo tarehe 29 kama ulivyosema. Mama atafurahi. Uje na nguo za kutosha, maana huku hali ya hewa siku hizi haieleweki.

Dada yako


Nyumbani, 3 Aprili

Dada,

Shikamoo, kwa mazoea tu. Mama mzima.

Umenifanyia uhuni. Sina neno jingine na sitaki kulitafuta.

Jumamosi yote umenizungusha nyumba nzima. Dawa hizi asubuhi, hizi jioni baada ya chakula. Mlango wa nyuma ufungwe kwa komeo la juu, kwa sababu la chini anajua kulifungua. Supu ipoe kwanza. Redio isizimwe ghafla, ipunguzwe taratibu. Mimi nakufuata nyuma na kompyuta mkononi, naandika, nakushukuru, nakuambia hii ni data nzuri sana. Na lile begi lako pale koridoni nimeliruka kutwa nzima kama mpumbavu. Jumapili asubuhi ukanikumbatia ukaniambia kwaheri. Mimi nikadhani unakwenda sokoni. Ilitakiwa nishtuke, maana hujawahi kunikumbatia kwa kwenda sokoni.

Kamati ilikuwa imepitisha pendekezo langu. Limepita, unaelewa? Limepita kwa sababu mlezi yupo. Sasa mlezi yuko wapi? Nimwandikie nini Kalamu Nyekundu, kwamba sampuli imepanda basi? Mwenzangu wa chumbani ataanza kukusanya data wiki ijayo, mimi nipo hapa nafukuzana na mama na soksi zake.

Na huyo jirani umepanga naye bila kuniambia. Kila asubuhi anakuja kumwogesha, anapiga hodi kwenye mlango wa bafu kwa sauti ya kuamsha mtaa, na dakika hiyo hiyo mama anaanza mayowe mpaka jirani atoke. Akimaliza ananishika bega, ananiita mwana mwema, anasema mama amemsimulia mengi juu yangu. Nimeshindwa kumsahihisha.

Nakuambia yote haya ili ujue umeacha nini nyuma yako. Rudi.

Mdogo wako


Hosteli ya mafunzo, 15 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kama ni ya mazoea. Mimi mzima. Chumbani tuko wanne, mmoja anakoroma, na nalala vizuri kuliko nilivyolala kwa miaka. Mashine zenyewe ni nzuri. Maji yanapita juu ya lenzi wakati inasagwa isipate moto, na unapima ukingo kwa kidole kwanza, kipimo baadaye. Mkufunzi ameniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia dukani, nusu siku nusu siku.

Uhuni, unasema. Nikuulize. Mtu anakuonyesha komeo la juu, anakuwekea mkono juu yake, anakufanya ulifunge mwenyewe mara mbili, wewe unaandika "mlezi ana wasiwasi kuhusu usalama." Anakuonyesha dawa moja moja, wewe unaandika "mlezi ana utaratibu." Ulidhani nahojiwa. Nilikuwa nakukabidhi. Kutwa nzima nakukabidhi mama, na wewe unaniambia data nzuri. Ningefanya nini zaidi, nikupigie tarumbeta?

Unanihesabia soksi za siku nne. Nakurudishia dodoso lako, nililitunza. Mlezi hupata muda wa kutosha wa kupumzika. Mlezi hupata msaada kutoka kwa ndugu wa karibu. Zungushia.

Kalamu Nyekundu mwandikie ukweli. Umetafuta tatizo mwaka mzima, sasa umekaa nalo nyumba moja na unalalamika.

Mayowe ya bafuni yameniuma, hilo sikufichi. Jirani nilimweleza la kufanya. Mkumbushe afanye kama nilivyomwambia. Na sirudi kabla ya mwisho wa Juni.

Dada yako


Nyumbani, 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, halafu nikawa sina muda, halafu nikakasirika kwamba sina muda. Mama anaendelea vizuri. Jirani amesafiri kwa binti yake, upande wa pili wa ukuta kimya, uwanja umejaa majani. Kabla hajaondoka nilimkumbusha kama ulivyosema. Akasema anafanya hivyo hivyo ulivyomwelekeza: anapiga hodi. Kweli alikuwa anaipiga, mtaa mzima shahidi.

Mama hanijui. Ananiita fundi. Anaamini nimekuja kutengeneza bomba la jikoni, na kila asubuhi ananiuliza ni bomba gani hili lisilokwisha. Nikimpa supu anaonja, ananiambia kwa mtu wa mabomba si mbaya. Jumanne alinitaka nitoke kabisa. Akasimama mlangoni akanionyesha njia, akasema, "Binti yangu akirudi akakukuta bado upo, utajuta."

Nikamwuliza, binti yako yupi.

"Huyo anayenilea," akasema. "Ananipikia, ananifulia. Mchana anatengeneza macho ya watu. Wewe unadhani naishi hapa peke yangu?"

Sikuwa nimeuliza kwa utafiti. Kompyuta sijaifungua wiki nzima. Sikiliza sasa kilichotokea baadaye.

Juzi alijimwagia supu kuanzia kifuani mpaka miguuni. Jirani hayupo. Nikasema hapa hakuna namna. Nikamfunika shuka, nikamkalisha kwenye kigoda bafuni, maji ya uvuguvugu kwenye jagi, nikaanza kichwani kwa sababu ndiko mimi huanzia nikioga. Akanizaba kibao. Cha nguvu, dada, sikio lilinilia. Akasema, "Huna adabu. Binti yangu hupiga hodi."

Nikadhani anataka nitoke nibishe. Nikatoka, nikafunga mlango, nikapiga hodi kama jirani. Nikafungua, akawa ananiangalia kwa huruma, kama mtu aliyeletewa fundi asiyejua kazi. Akanyoosha mguu wa kulia kutoka chini ya shuka, akasema, "Hapa."

Nikapiga magoti. Nikagonga mguu kwa kidole, juu ya vidole vyake, polepole. Nikasema hodi. Akasema karibu.

Nikamwaga maji. Halafu akatoa wa kushoto, nao nikaupigia hodi. Halafu mkono. Kila mahali hodi, kila mahali karibu, mpaka tukafika kichwani, na hakupiga kelele hata mara moja. Nilipomkausha akaniambia umenifundisha vizuri. Hakusema wewe, alisema "binti yangu kakufundisha vizuri."

Bado nina hasira na wewe. Nilitaka tu ulijue hili.

Mdogo wako


Hosteli ya mafunzo, 27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzima. Nimekuandikia barua mbili nikazichana, hii ya tatu itakwenda vyovyote itakavyotoka.

Nilipoisoma yako kwanza nilikasirika. Nikasema huyu anajua kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, anataka nilainike nirudi. Ya supu unaweza kutunga, ya bomba unaweza kutunga. Ya macho ya watu pia, wewe ni msomi, maneno hayakupigi chenga. Lakini hodi ya mguuni huwezi kuitunga. Tuliijua mimi na mama tu, na jirani, ambaye nilimweleza mpaka midomo ikakauka na kumbe hodi aliupigia mlango.

Ilianza siku aliyonizaba mimi kibao kama chako. Nilikaa sakafuni bafuni, nimelowa, nalia kwa hasira, nikakumbuka kwamba katika nyumba ile hakuna aliyeingia chumbani kwa mama bila kubisha. Hata baba alibisha. Sisi tunammwagia maji kichwani kama tunaosha gari. Nikajaribu mguuni, kwa kuwa mguu ndio uliokuwa karibu na mimi pale chini. Akaniambia karibu. Nikasema haya, tutakwenda hivi.

Miaka yote hiyo nilijua hajui ni nani anayebisha. Aliniita nesi, aliniita yule msichana, akakusifu wewe mbele ya watu kwa supu niliyoipika mimi, na nikajifundisha kutojali. Sasa unaniandikia kwamba ananitaja. Unajua hilo limenifanya nini? Nimelia karakanani, mbele ya mkufunzi, lenzi ya mtu imeharibika mkononi mwangu. Nimekasirika kwamba nimelia, na nimekasirika zaidi kwamba ilibidi niondoke ndipo nipate kutajwa. Nimekuwa na hasira na wewe tangu Januari, lakini hii si yako. Hii sijui niipeleke wapi.

Mambo mawili. La kwanza, hodi hiyo isiingie kwenye pendekezo lako. Najua ni tamu. Najua Kalamu Nyekundu ataipigia mstari wa kusifu. Ukiiandika, usiniite tena dada.

La pili. Mwenye duka ameleta habari kwamba mashine imefika, bado ina plastiki yake, inanisubiri. Lakini ile ni mashine ya siku nzima, si ya nusu siku. Namaliza huku mwisho wa Juni. Niambie, na usiniletee habari za kamati: nikirudi, wewe utakuwa wapi?

Dada yako


Nyumbani, 16 Juni

Dada,

Shikamoo, na hii si ya mazoea. Mama hajambo. Jirani amerudi, amefagia majani yote siku ya kwanza. Nilimwonyesha mguuni ni wapi, akasema mbona hukusema wazi, kana kwamba kosa ni letu. Bomba la jikoni nimelitengeneza. Hilo lilikuwa kosa langu, maana sasa mama anauliza kwa nini fundi bado hajaondoka.

Nimeandika upya ratiba. Ule mstari nimeuacha palepale: mlezi ataendelea kuwepo kwa kipindi chote cha utafiti. Nilichobadilisha ni jina la mlezi. Ni mimi, na kipindi nimekisogeza mpaka mwisho wa mwaka ujao. Wewe utakaa kwenye mashine yako siku nzima, utarudi jioni ukiwa umechoka na macho ya watu, utakuta supu. Kwa mtu wa mabomba si mbaya.

Kalamu Nyekundu amewaka. Anasema mtafiti hawezi kujitafiti mwenyewe, pendekezo lirudi kwenye kamati, muhula huu nimeupoteza. Nimemjibu kwamba ameniuliza tatizo liko wapi mwaka mzima, nami nimekwenda kukaa nalo, sasa anataka nitoke. Sikumjibu kwa adabu sana na pengine nitalipia. Mwenzangu wa chumbani ameshamaliza sura ya nne. Inaniuma, siwezi kukudanganya, kuna siku nakutazama kwenye ile picha ya ukutani na nataka kuigeuza.

Kalamu Nyekundu amerudisha kurasa zote zikiwa nyekundu. Pale nilipoandika kwamba mgonjwa huogeshwa kila siku na hukubali bila kelele, amechora duara kubwa, akaandika pembeni, "Anakubali vipi? Eleza hatua kwa hatua."

Nimeandika chini yake: hilo mama hajaturuhusu.

Mdogo wako